Theluji ya Karatasi Parramatta

Juzi baridi ilipoanza kuuma nilitoa hita ya umeme iliyokuwa imelala kabatini tangu mwaka jana, nikaichomeka ukutani. Vumbi lililokuwa limetulia kwenye nyaya zake likaungua, na harufu yake ikanifikia kabla ya joto. Nikasimama katikati ya sebule nikitabasamu peke yangu kama mjinga. Ilikuwa harufu ya nywele za dada yangu Divine, majira yale ya baridi Sydney ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, alipokuwa akirudi nyumbani jioni akinukia taa kubwa za sinema.

Kama na wewe ulikuwa mtoto wakati ule, hasa huku kwetu magharibi mwa jiji, huhitaji kuelezwa. Shule ilikuwa ndani ya laptopu, juu ya meza ileile tuliyolia ugali. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa hadi tukaizoea kama nzi. Saa tano asubuhi watu wazima wote walisimama mbele ya televisheni kusikiliza wangapi wameugua, na huruhusiwi kupumua mpaka wamalize. Kwetu St Marys tulikuwa wanne. Baba aliendesha folklifti ya kuinulia mizigo kwenye ghala zamu ya usiku. Mama alitunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na alirudi na mistari ya barakoa imemchora mashavuni. Divine alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi tisa. Tulikuwa Warundi tuliotoka kambini Tanzania nikiwa mchanga, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku, Kirundi kilikuwa cha siri na cha hasira, na sisi watoto tuliulizwa kwa Kiswahili tukajibu kwa Kiingereza.

Halafu alikuwepo wa tano, ingawa hakuwahi kukanyaga kwetu. Jina lake la kweli liliandikwa kwenye mabango ya dunia nzima, lakini Mama alishindwa kulitamka, akamwita Mashavu kwa sababu ya vile vishimo viwili alivyovitoa akicheka. Nasi tukamwita hivyo hivyo.

Maisha ya Mashavu niliyajua kuliko ya bibi yangu mzaa baba. Alizaliwa katika mji mdogo Ohio, mama yake dereva wa basi la shule. Alianza kuimba kanisani kwa bibi yake, akisimama juu ya kreti la soda ili aonekane. Akiwa na miaka kumi akaingia kwenye tamthilia ya televisheni, akicheza msichana anayeendesha duka la piza na mjomba wake asiyejua kupika. Mimi Kiingereza changu cha kwanza nilikitoa humo, ndiyo maana mwalimu alishangaa nikimwita kila mtu “mteja wangu mpendwa”. Akiwa na miaka kumi na minne akatoa wimbo ambao kila mtoto uwanjani aliuimba mpaka ukapigwa marufuku shuleni kwetu wakati wa chakula. Divine aliijua miondoko yote. Aliimba nyimbo zake bafuni kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, wakati mwingine niliiona nzuri kuliko ya mwenyewe. Jioni nilikuwa namwambia, “Nisimulie Mashavu,” naye ananisimulia upya, kreti la soda mpaka tuzo, kana kwamba ni Kitabu cha Ruthu.

Basi fikiria siku ile habari zilipokuja kwamba Mashavu yuko Sydney. Marekani upigaji picha ulikuwa umesimama kwa sababu ya ugonjwa, wakaihamishia filamu yake huku kwetu. Alikuwa amefungiwa hotelini wiki mbili, dirisha halifunguki, kama kila aliyeshuka kwenye ndege. Nilipiga mayowe hadi Baba akaamka akidhani nyumba inaungua. Na kabla sijamaliza kupiga mayowe hayo, simu ya Divine ikalia. Alikuwa mwalimu wake wa zamani wa maigizo. Watu wa filamu walikuwa wanatafuta msichana mweusi, mwembamba, mwenye shingo ndefu, wa kimo kilekile cha Mashavu.

Baba hakungoja chai. Alimsimamisha Divine kwenye mlango wa jikoni, akavuta ile tepu ya kupimia aliyokuwa akitembea nayo kiunoni, akaweka alama kwa penseli juu ya kichwa chake. Akaangalia kimo cha Mashavu kwenye simu, akaangalia alama ya penseli. Kisha akarusha mikono juu kama timu yake imefunga bao dakika ya mwisho.

“Sawasawa!” alisema. “Sawasawa kabisa! Huyu na yule wamekatwa kwa mkasi mmoja!”

“Kazi yenyewe ni nini?” Mama aliuliza.

“Kabla ya kupiga picha wanapanga taa,” Baba alieleza, kwa fahari ya mtu aliyejua jambo hilo tangu dakika tano zilizopita. “Sasa nyota hawezi kukaa pale saa nzima anawashiwa, anazimiwa. Divine atasimama badala yake.”

Mimi sikusikia habari za taa. Nilisikia maneno manne ya mwisho tu, na yakaniwasha kichwa kizima. Divine atasimama badala yake. Yaani Mashavu amechoka, anataka kupumzika, na amemchagua dada yangu awe yeye.

Mama hakushangilia. Alikunja taulo lake la jikoni, akalikunjua, akalikunja tena. “Mimi nina wazee kule kazini,” alisema. “Mmoja ananiita binti yake. Ukiniletea ugonjwa humu ndani, Divine, nitawapelekea na kuwaua. Umenielewa?”

“Tutapimwa kila asubuhi, Mama. Kila asubuhi kabla ya kuingia.”

“Utakula barazani. Utalala chumba cha mbele peke yako. Nguo unavulia nje.”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi nenda,” Mama alisema, na hapo ndipo alipocheka, akamkamata Divine mashavu yote mawili na kuyavuta. “Naona na wewe una vishimo.”

Gari jeupe lilikuja kumchukua kila alfajiri. Mtaa mzima uliliona, maana mtaa mzima haukuwa na kingine cha kutazama. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa Bukavu, alisimama upande wa pili wa uzio amejifunga kitenge na barakoa inayofanana nacho.

“Baba Divine,” aliita, “mutoto yako wanamupeleka wapi kila asubuyi? Iko mugonjwa?”

“Hapana. Anaenda Marekani.”

“Marekani? Na mipaka, frontière yote, imefungwa?”

“Anarudi jioni,” Baba alisema, akaingia ndani kabla hajacheka.

Lakini hakusema uongo sana. Divine alitusimulia kwamba barabara moja ya Parramatta, hukuhuku magharibi mwa jiji, ilikuwa imegeuzwa mji wa Marekani. Masanduku ya barua ya bluu, teksi za njano, bendera, na kila duka limebandikwa jina jipya. Walikuwa hata na theluji. Theluji ya karatasi, inapulizwa kwa mashine kubwa kama bomba la zima moto, inalala barabarani nyeupe pe! Divine alirudi nayo ndani ya viatu. Alikung'uta barazani, nikaiokota kwa kidole nikaionja. Ilikuwa na ladha ya kitambaa cha mezani cha karatasi, lakini kwangu ilikuwa imetoka mawinguni.

Sikuweza kukaa kimya. Katika darasa la laptopu, mwalimu alipouliza nani ana habari ya kushirikisha wenzake, niliwasha sauti nikasema dada yangu sasa ndiye atakuwa Mashavu, na wa zamani ataenda likizo. Watoto wote wakaanza kupiga kelele kwa pamoja, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Mwalimu akanizima sauti. Niliendelea kusema vilevile, mdomo ukichezacheza bila sauti.

Furaha hiyo ilidumu hadi Jumapili. Tulikuwa tukisali kwa Zoom, mchungaji wetu akiwa jikoni kwake na jokofu nyuma yake. Siku hiyo alihubiri kwa moto. “Alisimama badala yetu!” alipaza sauti. “Mnajua maana ya kusimama badala? Magonjwa yetu aliyabeba yeye! Mauti yetu aliyachukua yeye!” Baba na Mama waliitikia amina. Mimi uji uliniganda mdomoni.

Kumbe hiyo ndiyo maana yake. Mashavu asingekwenda likizo yoyote. Wamarekani walikuwa wameajiri mtu wa kuupokea ugonjwa wao, wa kimo kilekile ili ugonjwa usijue tofauti.

Tangu hapo nilimwombea Mashavu kama mtu anayezima moto. Kabla ya kila mlo niliomba kwa ajili ya pua yake, koo lake, mapafu yake, la kulia na la kushoto. Uji ulipoa, ugali ulipoa. Baba alikuwa akifungua jicho moja kuangalia kama nimekaribia mwisho. Mama aliguswa sana. “Huyu mtoto ana moyo,” alimwambia. “Anamwombea mtu asiyemjua.” Sikuweza kumwambia kwamba mtu ninayemwombea anakula wali barazani, nyuma ya kioo, akinikonyeza.

Maombi yangu hayakutosha. Asubuhi moja gari jeupe lilirudi mapema, nikiwa bado kwenye hesabu za mgawanyo. Divine alishuka na barakoa mbili, akabaki getini. Alimwita Mama kwa mbali. Mashavu alikuwa amepimwa, ugonjwa umeonekana. Kazi imesimamishwa, kila mtu akajitenge nyumbani, na Mama asiende kazini mpaka majibu ya Divine yatoke.

Nilitoka mbio bila viatu. Baba alinidaka kiunoni karibu na mashine ya kukatia majani, miguu yangu ikaendelea kukimbia hewani.

“Usiuchukue!” nilipiga kelele. “Divine, waambie hutaki! Usiuchukue!”

“Nisichukue nini?”

“Ugonjwa wake! Baba alisema utasimama badala yake!”

Divine alimtazama Baba. Baba alitazama angani, kana kwamba anatafuta helikopta. Halafu Divine akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara na kushika mbavu, na hata Mama, ambaye alikuwa na hofu ya kweli ya wazee wake, aliinama akafunika uso kwa taulo.

Alinieleza akiwa hapo hapo chini, mimi nikiwa kwapani mwa Baba. Barabarani wanabandika msalaba wa utepe. Yeye anasimama juu ya msalaba huo. Mzee mmoja wa taa anamsogezea taa usoni, anaondoa, anasogeza nyingine, mpaka aridhike. Halafu wanasema, “Asante, Divine,” anaondoka, na Mashavu anakuja kusimama kwenye utepe uleule. Hawakuwahi kuwa hapo wote wawili kwa wakati mmoja. Alikuwa amezungumza naye kwa kupungiana mikono tu.

“Naziazimisha taa uso wangu,” alisema. “Basi.”

Nilishusha pumzi yote niliyokuwa nimeibana tangu Jumapili ile. Kisha nikafikiri tena.

“Kwa hiyo kwenye filamu huonekani?”

“Sionekani.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.” Hakucheka tena. Alikuwa anatoa chembe ya theluji kwenye kamba ya kiatu. Nilikuwa mdogo lakini niliona. Dada yangu aliyeimba bafuni, aliyejua kila hatua ya kila wimbo, alikuwa amesimama wiki nzima ndani ya mwanga uliopangwa vizuri kuliko mwanga wowote aliowahi kuingia, na kila ulipokamilika, aliambiwa asante.

Majibu yake yalitoka safi. Ya kwetu pia. Siku za kujitenga zikaisha, akapimwa tena, hana kitu, na Mama akarudi kwa wazee wake akiimba. Tukadhani yamekwisha hapo. Ndipo simu ikalia mchana mmoja Divine akianika nguo, naye akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na maji.

Alikuwa msaidizi wa mwongozaji. Alizungumza haraka kama mtu anayekimbia. Barabara ile ya Parramatta wameruhusiwa kuifunga Jumapili moja tu iliyobaki. Wanahitaji picha moja kubwa, msichana anaondoka katika mji aliozaliwa, anatembea kwenye theluji mpaka mwisho wa barabara. Mashavu bado ni dhaifu, hajaruhusiwa kutoka hotelini. Je, Divine anaweza kuvaa koti lake na kutembea?

Divine aliangusha shuka kwenye tope. “Wataonyesha uso?” Mama aliuliza kutoka mlangoni, kwa Kiswahili.

“Mgongo tu, Mama.”

Mama alikwenda kuiokota ile shuka, nami nikamvuta kanga mpaka karibu imfunguke. Mwishowe alisema, “Nenda. Lakini tembea kama mtu mwenye kwao.”

Hatukuruhusiwa kumfuata, Parramatta ilikuwa mbali kuliko kilomita tulizoruhusiwa kwenda kutoka nyumbani. Jumapili hiyo sikusikia neno hata moja la mahubiri. Niliketi barazani nikitazama mwisho wa mtaa, na gari jeupe lilipotokea nilikuwa getini kabla halijazima injini. Divine alisimulia amesimama, hajavua hata begi.

Mara ya kwanza alitembea kama Mashavu. Alikuwa amemsoma miaka yote, kiuno kile, mabega yale. Mwongozaji akasema hapana, turudie. Mara ya pili hapana. Mashine za theluji zikapuliza upya. Ndipo kijana mmoja akaja anakimbia na tableti, na ndani ya tableti alikuwepo Mashavu mwenyewe, kitandani hotelini, nywele zimefungwa kwa kitambaa, anakohoa. Alikuwa akitazama kila kitu kutoka huko.

“Unamwiga nani?” alimwuliza Divine.

“Wewe.”

“Mungu wangu, mimi natembea kama bata.” Akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Kisha akamwambia jambo ambalo halikuwa kwenye video yoyote tuliyowahi kuitazama. Kabla ya tamthilia, kabla ya wimbo, kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa mkono. Tangazo la chakula cha asubuhi: uso ulikuwa wa mtoto mwingine, lakini mtoto yule alishika kijiko vibaya, wakachukua mkono wa Mashavu. Bibi yake alialika kanisa zima nyumbani kuja kuutazama mkono huo kwenye televisheni, na ulipotokea wote walisimama wakapiga makofi.

“Mimi nilianza na mkono,” alimwambia. “Wewe anza na mgongo. Lakini uwe wako.”

Divine alirudi mwanzo wa barabara. Alituambia hakufikiria filamu tena. Alifikiria asubuhi tuliyoondoka kambini, yeye akiwa na miaka kumi, mimi mgongoni kwa Mama. Bibi mzaa mama alibaki kwenye mlango wa nyumba ya udongo kwa sababu jina lake halikuwa miongoni mwa wanaosafiri, na Mama alimshika Divine mkono akamwambia, usigeuke, ukigeuka hatutafika kwenye basi. Basi akatembea hivyo. Alikwenda mpaka mwisho wa theluji, akapitiliza, akafika mahali lami ya kawaida ya Parramatta inapoanza, na hakuna aliyemwita. Aliposimama, alimwona mzee wa taa ameondoa miwani anaifuta.

Mama alikuwa anachuja majani ya mihogo wakati anasikiliza. Aliendelea kuchuja hata maji yalipokwisha.

Miji ilifunguliwa, maisha yakarudi. Niseme kwanza yaliyowapata baadaye. Mashavu alirudi kwao, na kwa muda magazeti yalisema amekwisha, kwa sababu sauti yake ya juu iliondoka na ule ugonjwa na haikurudi. Aliacha kuigiza. Miaka ikapita, akarudi na sauti nyingine, nzito, ya chini, kama ya bibi yake pengine, na mimi hiyo ndiyo ninayoipenda. Divine naye hakuwa nyota. Yule mzee wa taa alimpigia simu wakati filamu nyingine ilipokuja mjini, akamfundisha, na leo dada yangu ndiye anayepanda ngazi kwenye kumbi za maigizo na kuamua mwanga uangukie wapi. Bado anaimba, kwa nguvu, huko juu kwenye ngazi.

Lakini siku ninayotaka kubaki nayo ni ile filamu ilipofika. Tulikwenda Parramatta wote wanne kwa treni, Baba amevaa koti la harusi, Mama na kitenge kipya na bisi za mahindi alizozikaanga nyumbani akazificha kwenye mkoba. Hakuna aliyemwambia kama ile picha imebaki au imekatwa. Tulikaa gizani tukimtazama Mashavu akilia, akicheka, akigombana na mama yake wa kwenye filamu, na kila alipovaa koti Baba alinifinya goti. Nusu saa, saa nzima, zaidi. Divine alianza kuteleza chini kitini. “Wameikata,” alinong'ona. “Twendeni tu.”

Hapo skrini ikawa nyeupe. Barabara ndefu, theluji inaanguka taratibu, na katikati yake koti, na ndani ya koti mtu anayekwenda zake, shingo imenyooka, hageuki. Muziki ulinyamaza. Alitembea, akatembea, akapungua mpaka akawa kama punje, na mimi niliyekuwa na mayowe tayari tangu nyumbani nilijikuta sina hata pumzi.

Mama ndiye aliyeinuka. Bisi zikamwagika zote. “Huyo si Mashavu!” alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya uwanja. “Huyo ni wangu! Huo mgongo nimeuogesha mimi!”

“Mama, kaa,” Divine alinong'ona, machozi yakimtiririka, akicheka.

Mzungu mmoja mzee aliyekaa mbele yetu aligeuka. Mama akamwinamia, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kazini, polepole, kila neno mahali pake, kwamba mtu yule anayetembea kule ni binti yake. Mzee alitazama skrini, akamtazama Divine, akatazama skrini tena.

“Anatembea vizuri sana,” alisema.

“Ndiyo,” Mama alimjibu. “Alianza akiwa na miezi tisa.”